Kutawa, Itikafu na Taamuli: Historia ya Mafungo ya Kibudha Dar es Salaam na Viungani Mwake

Historia ya dini mjini Dar es Salaam imeandikwa kwa kufuata makundi makubwa. Uislamu wa pwani, Ukristo wa misheni na imani za jadi za Wazaramo zina maandishi mengi. Wahindu, Waismaili na Wagoa wana nafasi yao katika tafiti kuhusu Waasia wa Afrika Mashariki. Wabudha hutajwa kwa sentensi moja, nayo huwa ya mshangao: kwamba Upanga kuna hekalu ambalo wenyewe hulihesabu kuwa la kwanza barani Afrika. Baada ya sentensi hiyo mwandishi huendelea na safari yake.

Makala haya yanashughulikia upande mmoja tu wa historia hiyo, yaani mafungo ya taamuli: desturi ya muumini kuacha nyumba na kazi kwa siku kadhaa ili akae kimya na kulea sifa njema za moyo. Hoja inayotetewa ni kwamba mafungo ya namna hiyo hayakuja na waasisi wa hekalu. Watu waliopanda mti na kusimamisha hekalu walikuwa na ibada ya aina nyingine, na taamuli ya waumini wasio watawa iliwafikia Wabudha wa Sri Lanka wenyewe baadaye, katika karne ya 20. Kutokana na hoja hiyo yafuata swali la pili: taamuli hiyo ilipofika Dar es Salaam, iliwakuta wakazi wa mji na vitongoji vyake wakiwa na mazoea gani ya kujitenga? Mjadala huu una uzito kwa mtafiti, kwa sababu anayeamini kwamba taamuli ni mali ya kale ya Wasinhala ataisoma historia ya hekalu kama habari ya wageni waliohifadhi urithi wao, na hataona kwamba hekalu lenyewe limebadilika.

Minazi, mji na mti wa 1919

Wasinhala walifika pwani ya Afrika Mashariki kama walivyofika watu wengi wa Bahari ya Hindi, kwa kufuata kazi. Unguja walijulikana zaidi kama masonara na wauza vito, wengi wao wakiwa na asili ya Galle, mji wa bandari kusini mwa kisiwa cha Ceylon, kama Sri Lanka ilivyoitwa wakati huo. Ilikuwa jamii ndogo. Katika hesabu za watu za serikali ya kikoloni jamii za kiasi hicho humezwa na mafungu mapana kama “Wahindi” au “wengineo”, na huenda hiyo ni sababu mojawapo ya wanahistoria kuzipita bila kuziona.

Waingereza waliitwaa Dar es Salaam kutoka kwa Wajerumani mwezi Septemba 1916. Katika miaka ya Vita Kuu ya Kwanza na mara tu baada yake Wasinhala wa mji huo waliunda chama chao cha Kibudha, wakapata ardhi Upanga, na kwa mapokeo ya hekalu, mwaka 1919 wakapanda mche wa mti wa bodhi ambao asili yake ni mti mtakatifu wa Anuradhapura. Mwaka 1920 ndio unaohesabiwa kuwa mwaka wa kuanzishwa kwa hekalu. Mti wa bodhi ni wa jamii moja na mkuyu, na kwa mkazi wa pwani aliyezoea kuona sadaka zikiwekwa chini ya mibuyu na mikuyu, mti unaozungushiwa heshima haukuwa jambo la ajabu.

Mahali ulipopandwa mti huo panahitaji kutazamwa kwa macho ya wakati wake. Leo Upanga ni moyo wa jiji na kiutawala ipo Ilala; miaka ile ilikuwa nje ya mji uliojengwa, penye minazi na mashamba. Magomeni, Temeke na Kinondoni kama makazi yaliyopimwa zilikua baada ya Vita Kuu ya Pili, na Upanga yenyewe ilijazwa nyumba za Waasia katika miaka ya 1950. Kwa hiyo hekalu lilianza likiwa kiungani, na jiji ndilo lililolifuata.

Siku ya mwezi mpevu

Ibada ya Wabudha wa Ceylon mwanzoni mwa karne ya 20 ilisimama juu ya nguzo ambazo taamuli haikuwa miongoni mwake. Muumini alitoa chakula kwa watawa, aliweka maua na taa mbele ya sanamu ya Budha, alisikiliza visomo vya kinga wakati wa ugonjwa au msiba, na aliadhimisha Vesak, sikukuu ya mwezi mpevu wa Mei. Mafungo yake, kama neno hilo litaruhusiwa, yalikuwa ya siku moja: siku ya poya, mwezi unapokuwa mpevu, aliyetaka alivaa nguo nyeupe, akaenda hekaluni asubuhi na kujifunga kwa masharti manane hadi kesho yake. Matano kati ya hayo ni ya kawaida kwa kila Mbudha: kutoua, kutoiba, kujitunza katika mambo ya ndoa, kutosema uongo na kutotumia vileo. Siku ya poya sharti la ndoa hukazwa na kuwa kujizuia kabisa, kisha huongezwa matatu: kutokula baada ya adhuhuri, kutojipamba wala kushiriki ngoma na nyimbo, na kutolala juu ya kitanda cha fahari.

Sharti la mapambo lina maana ya pekee kwa jamii ambayo riziki yake ilitokana na dhahabu. Sonara aliyefunga poya alikaa siku nzima bila kuvaa kile ambacho siku nyingine zote alikitengeneza na kukisifia kwa wateja. Mafundisho hayakumtaka aache kazi. Yalimtaka akumbuke, kwa siku moja, kwamba kupamba mwili si haja. Kalenda nayo haikumsaidia. Poya huangukia siku yoyote ya juma, ilhali ofisi na maduka ya mji wa kikoloni yalifungwa Jumapili. Hata nchini Ceylon kwenyewe serikali ilifanya poya kuwa siku ya mapumziko badala ya Jumapili mwaka 1966, na mpango huo ukaachwa miaka michache baadaye.

Mfano mwingine wa kalenda kugongana na mahali ni mafungo ya watawa wenyewe. Watawa wa Kibudha hukaa mahali pamoja kwa miezi 3, tangu mwezi mpevu wa Julai hadi ule wa Oktoba. Asili ya kanuni hiyo ni mvua za bonde la Ganges, ambazo zilizuia safari na kuwafanya wapita njia wakanyage mimea michanga. Dar es Salaam masika huisha Mei, na vuli husubiri hadi Oktoba au Novemba. Mtawa wa Upanga basi hutimiza “kukaa kwa mvua” wakati wa kipupwe, msimu mkavu kuliko yote. Kanuni imebaki ingawa sababu yake haipo. Na dini inaposafiri baharini aghalabu ndivyo inavyokuwa.

Taamuli inavyowafikia wasio watawa

Hali ya taamuli nchini Ceylon mwishoni mwa karne ya 19 inaonekana vizuri katika kisa cha Anagarika Dharmapala (1864–1933), mwasisi wa Maha Bodhi Society na kiongozi mashuhuri wa uamsho wa Kibudha. Mwaka 1890 Dharmapala alipata katika hekalu la Bambaragala mswada wa majani ya mtende ulioeleza mazoezi ya taamuli. Mswada huo ulichapishwa mwaka 1896 kwa uhariri wa mtaalamu wa Kipali, T. W. Rhys Davids. Jambo la kuzingatia ni kwamba kiongozi mwenye shauku kama Dharmapala alilazimika kuanzia kwenye kitabu. Mapokeo ya mwalimu kumfundisha mwanafunzi uso kwa uso yalikuwa yamefifia kiasi kwamba maandishi ya zamani yalipokewa kama ugunduzi.

Mabadiliko yalitoka Burma. Waingereza walipomwondoa mfalme wa mwisho wa Burma mwaka 1885, dini ilipoteza mlinzi wake. Mtawa Ledi Sayadaw (1846–1923) aliwafundisha wakulima na wafanyabiashara falsafa ya kina pamoja na taamuli, kwa imani kwamba mafundisho yasiyo na mfalme yatalindwa na umma. Uchunguzi wa Erik Braun (2013) umeonyesha jinsi taamuli ya umati ilivyozaliwa katika mazingira hayo ya kutawaliwa. Mahasi Sayadaw (1904–1982) aliiendeleza kwa kuweka utaratibu wa mafungo ya wiki kadhaa katika kituo maalumu mjini Rangoon, na U Ba Khin (1899–1971), mtumishi mkuu wa hesabu za serikali, alifundisha kozi fupi zinazomfaa mtu mwenye ajira. Mwanafunzi wake S. N. Goenka (1924–2013), mfanyabiashara, aliipeleka India mwaka 1969 kozi ya siku 10 ambayo tangu hapo imeenea duniani.

Njia ya Mahasi iliingia Ceylon mwaka 1955 pamoja na watawa kutoka Burma, na mwaka uliofuata, 1956, Wabudha waliadhimisha miaka 2500 tangu kufariki kwa Budha kwa hesabu yao. Kituo cha Kanduboda kilianza wakati huo. Gombrich na Obeyesekere (1988) wanaichukulia taamuli ya watu wa kawaida kuwa moja ya alama kuu za Ubudha mpya wa tabaka la kati la Colombo, na ni vigumu kupingana nao. Mjukuu wa sonara wa Galle aliyejiandikisha Kanduboda alikuwa akifanya jambo ambalo babu yake angeliona kuwa kazi ya watawa wa msituni.

Hapa ndipo jina la sasa la hekalu la Upanga linapopata maana ya kihistoria. Linaitwa Hekalu la Kibudha na Kituo cha Taamuli, majina mawili yaliyounganishwa kwa kiungo kimoja. La kwanza ni la mwaka 1920. La pili lisingeweza kuwapo mwaka huo, kwa kuwa wazo la kituo ambacho mtu yeyote, awe Mbudha au asiwe, huingia kujifunza kutazama pumzi yake, lilikuwa halijaundwa hata huko Colombo. Kati ya majina hayo mawili upo Uhuru wa 1961, Azimio la Arusha la 1967, na sheria ya kutaifisha majumba ya 1971, mambo yaliyowafanya Waasia wengi waondoke nchini. Jamii iliyopungukiwa watu wake ilihitaji sababu mpya ya kuweka mlango wazi. Chini ya mtawa mkuu wa sasa, Ilukpitiye Pannasekara kutoka Sri Lanka, hekalu limejulikana kwa mafunzo ya taamuli na kwa huduma za jamii pamoja na poya na Vesak.

Waliotawa kabla

Lugha ya Kiswahili ilikuwa na neno la kujitenga kwa ajili ya utakaso muda mrefu kabla ya hekalu. Kitenzi kutawa, kama kilivyoandikwa katika kamusi za zamani ikiwamo ya Johnson ya 1939, kina maana mbili zinazoshikamana: kukaa ndani pasipo kuonekana, na kuishi maisha ya ucha Mungu. Mwanamke wa Kiungwana aliyetawa na mtawa aliyejitolea kwa ibada wametajwa kwa neno moja. Wakatoliki walipolichukua neno hilo kwa mabruda na masista wao, hawakubuni kitu.

Viunga vya Dar es Salaam vilikuwa na kutawa kwa namna tatu zilizo dhahiri. Ya kwanza ni ya Wazaramo. Marja-Liisa Swantz, aliyeishi Bunju, kaskazini mwa Kinondoni, katika miaka ya 1960, aliandika kwa kina (1970) jinsi msichana aliyevunja ungo alivyowekwa ndani, zamani kwa mwaka au zaidi, akifundishwa na makungwi, akipitishwa chini ya mti wa mkole, akiwa na mwana hiti wake. Mwali alifunzwa kunyamaza, kuinamisha macho na kuvumilia. Ni makosa kuyaita haya taamuli. Hata hivyo ni makosa pia kusema kwamba ukimya wa muda mrefu, chakula cha masharti na mwalimu anayekagua tabia ya mwanafunzi vilikuwa vigeni hapa.

Ya pili ni ya Waislamu. Katika misikiti ya Temeke na Kinondoni, kama kwingineko, wapo wanaokaa itikafu siku 10 za mwisho za Ramadhani, wakila, wakilala na kusali msikitini. Tarika ya Kadiria, iliyoenezwa pwani kwa juhudi za Sheikh Uways bin Muhammad wa Barawa aliyeuawa mwaka 1909, ilijenga juu ya msingi huo fundisho zima la kuisafisha nafsi kwa zikri, chini ya uongozi wa sheikh. Nimtz (1980) ameeleza namna tarika hizo zilivyofungua mlango wa uongozi kwa watu ambao uungwana wa pwani uliwaweka chini. Katika elimu ya tarika, ukaaji wa faragha huitwa khalwa, na lengo lake ni sifa za moyo: subira, shukurani, kuridhika.

Ya tatu ni ya watawa wa Kibenediktini, waliofika Pugu mwaka 1888. Misheni yao ilishambuliwa na kuangamizwa Januari 1889 wakati wa vita vya Abushiri, nao wakaanza upya Dar es Salaam. Kwa Wakristo wa Dar es Salaam mafungo yamebaki kuwa neno la kawaida kabisa: wanandoa huenda mafungo, vijana wa kipaimara huenda mafungo, mapadre huenda mafungo ya mwaka.

Tofauti kati ya kujitenga huku na kozi ya siku 10 haimo katika ugumu wa masharti. Imo katika namna ya kutoka. Mwali hutolewa nje kwa ngoma, na asiyetolewa hajawa mtu mzima. Anayekaa itikafu hutoka pamoja na mwezi wa Idi, mji mzima ukiwa barabarani. Novisi wa monasteri hutoka akiwa na kanzu na jina jipya. Aliyemaliza kozi ya taamuli hukunja mkeka wake, akapanda gari, akarudi kazini Jumatatu, na hakuna aliyeona kwamba amebadilika, kwani hadhi yake katika jamii ni ile ile. Badiliko lote limeachiwa moyo wake. Kwa jamii inayopima malezi ya ndani kwa sherehe ya nje, hilo ndilo jambo geni kweli, kuliko sanamu na ubani.

Tatizo la neno

Tofauti hiyo inaonekana pia katika tafsiri. Neno linalotumika zaidi ni kutafakari, lenye mzizi wa Kiarabu unaohusu fikra. Anayetafakari anafikiri kwa kina juu ya jambo fulani. Mazoezi ya vipassana yanamtaka mtu aitazame fikra inapokuja na aiache ipite bila kuifuata. Mwanafunzi anayeambiwa “tafakari pumzi yako” anaweza, kwa utii wa lugha, kuanza kuwaza kuhusu mapafu. Taamuli ina nafuu kidogo, kwa kuwa ndani yake limo wazo la kutazama kwa makini, lakini ni neno la wasomi na washairi, na mtu wa Mbagala hatalisikia kwenye daladala.

Kipali chenyewe kinatumia bhavana, yaani kufanya jambo liwepo na likue. Kwa mkulima neno hilo lina tafsiri nyepesi: kuotesha, kukuza, kulea. Sifa nne zinazooteshwa hutajwa daima kwa mpangilio mmoja. Metta ni kumtakia mema kila kiumbe, ikianzia kwa nafsi yako, kisha rafiki, kisha usiyemjali, mwisho adui. Karuna ni huruma kwa mwenye kuteseka. Mudita ni kufurahia neema ya mwenzako, nayo ni kinyume halisi cha husuda, kasoro ambayo Waswahili wameisema na kuihofia pengine kuliko nyingine zote. Upekkha ni moyo usioyumba kwa sifa wala kwa lawama. Kati ya hizo nne, mudita ndiyo isiyo na neno moja la Kiswahili, ingawa kila anayemwambia mwenzake hongera kwa dhati ameitenda.

Uganda imeonyesha kwamba kikwazo cha lugha huondolewa na mwalimu mzawa. Bhante Buddharakkhita, Mganda aliyekwenda India kusoma mwaka 1990 na kukutana huko na watawa kutoka Thailand, alipewa daraja la utawa California mwaka 2002, na mwaka 2005 akaanzisha Kituo cha Kibudha cha Uganda huko Garuga, karibu na Entebbe. Kituo hicho hakikuwa na jamii ya wahamiaji nyuma yake. Kilianza na mtu mmoja aliyeweza kuwaeleza ndugu zake, kwa lugha ya nyumbani, kile alichokiona. Hekalu la Dar es Salaam limepitia njia iliyo kinyume: jamii ilikuwapo kwanza, na mafundisho kwa wenyeji yakafuata baada ya miongo mingi, chini ya watawa waliolelewa ng'ambo.

Kuna jambo la ardhi pia. Mafungo ya kila dini hutafuta ukingo wa mji. Wakatoliki wana kituo cha kiroho Mbagala, na kituo cha Garuga kipo nje ya Kampala. Hekalu la Upanga lilipata ukingo wake mwaka 1919, na limezungukwa: hospitali ambayo leo ni Muhimbili ilifunguliwa jirani mwaka 1956 kwa jina la Princess Margaret, magorofa yakafuata, kisha foleni za magari. Anayetaka ukimya wa minazi sasa lazima avuke Kinondoni yote kuelekea Bunju, pale pale ambapo Swantz aliwakuta wali wakiwa ndani, na Bunju nayo ni kituo cha mwisho cha daladala, penye maduka, spika za mahubiri na viwanja vilivyokwisha kupimwa.